Sura ya Tatu: Kinachounda Toni ya Gitaa la Umeme

Udi unaopigwa katika taarabu hutoa sauti kwa tumbo lake. Uzi hutetemesha ubao mwembamba wa juu, ubao husukuma hewa, na hewa hiyo hubeba sauti hadi kwa wasikilizaji, kiasi kwamba aina ya mbao, unene wake na ustadi wa fundi aliyezichonga huamua kwa sehemu kubwa utamu wa chombo. Gitaa la umeme halifuati njia hiyo. Mwili wake, ambao mara nyingi ni kipande cha mti kisicho na uwazi ndani, hausukumi hewa ya kutosha kusikika hata chumba cha pili, na sauti inayoujaza ukumbi wa dansi hutoka kwenye spika iliyosimama hatua kadhaa kutoka kwa mpigaji. Toni, yaani ile sifa inayomwezesha msikilizaji kutofautisha vyombo viwili vinavyotoa noti moja kwa nguvu moja, huundwa katika safari iliyopo kati ya uzi na spika hiyo.

Safari hiyo ina vituo vingi, na hoja ya sura hii ni kwamba karibu kila kituo kazi yake ni kupunguza. Uzi huanza na sauti tajiri. Mkono, pikapu, nobu, waya na spika kila kimoja huondoa sehemu fulani ya utajiri huo, na kituo kimoja tu kikubwa, yaani amplifaya inayosukumwa kupita uwezo wake, ndicho huongeza mitetemo ambayo uzi haukuwa nayo. Anayefahamu ni kitu gani hupungua na hupungulia wapi anaweza kuisogeza sauti ya gitaa lake kule anakotaka, mara nyingi kwa gharama ndogo kuliko anavyodhani.

Uzi na mkono

Uzi wa tano wa gitaa, ukihesabu kuanzia ule mwembamba, hukazwa kwenye noti A, na ukipigwa bila kubanwa hutetemeka mara 110 kwa sekunde, kipimo ambacho wanafizikia hukiita hezi 110. Lakini uzi huo hautetemeki kwa namna moja tu. Wakati uzi mzima ukienda juu na chini, nusu zake mbili nazo hutetemeka kwa hezi 220, theluthi zake kwa hezi 330, robo zake kwa hezi 440, na kuendelea hivyo hadi maelfu ya hezi. Mitetemo hii ya ziada inayoambatana na ule wa msingi huitwa hamoniki, na uwiano wa nguvu baina yake ndio toni yenyewe: hamoniki za juu zikiwa na nguvu, sauti huwa kali na angavu, zikififia, sauti huwa nzito na laini.

Wa kwanza kuamua uwiano huo ni mkono wa mpigaji, kabla umeme haujahusika kwa lolote. Kila hamoniki ina mahali kwenye uzi ambapo yenyewe haisogei, na uzi ukipigwa mahali hapo hamoniki hiyo haizaliwi. Uzi ukipigwa katikati kabisa, hamoniki zote za namba shufwa, yaani ya 2, ya 4, ya 6 na kadhalika, hukosa nguvu, na sauti hutoka ikiwa na uwazi unaokaribia ule wa klarineti. Mkono ukisogezwa karibu na daraja, ambalo ni kile chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini, hamoniki za juu hupata nafasi na sauti hutoka ikiwa kali. Vilevile nyama ya kidole, kwa kuwa ni pana na laini, huuachia uzi polepole na kuzinyima nguvu hamoniki za juu, ilhali ukucha au kipande kigumu cha plastiki huuachia uzi ghafla na kuziamsha zote. Wapigaji wawili wakibadilishana gitaa moja na amplifaya moja bila kugusa nobu yoyote, kila mmoja hubaki na sauti yake, na sababu yake haina siri: mahali, kina na pembe ya pigo ni vyao.

Uzi wenyewe nao huzeeka. Nyuzi nene za gitaa la umeme zina kiini cha chuma kilichozungushiwa waya mwembamba, na jasho pamoja na uchafu wa vidole hujipenyeza kati ya mizunguko hiyo, huongeza uzito usio sawa na kuzima hamoniki za juu kwanza. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kutu hufika mapema, na mpigaji anayelalamikia amplifaya yake kwamba imekuwa butu aghalabu ana nyuzi zilizokwisha.

Urefu wa uzi kutoka daraja hadi mwanzo wa shingo nao una sehemu yake. Kampuni ya Fender ya California ilichagua inchi 25.5, yaani karibu milimita 648, ilhali magitaa mengi ya Gibson, iliyokuwa ikitengeneza vyombo vyake huko Kalamazoo katika jimbo la Michigan, yana takriban milimita 628. Uzi uleule ukitakiwa kutoa noti ileile, ule mrefu zaidi huhitaji kukazwa kwa nguvu iliyozidi kwa takriban asilimia 6, na mkazo huo huufanya uwe mgumu zaidi kuuvuta kwa kidole.

Pikapu na mahali ilipo

Katika miaka ya 1920 na 1930 gitaa lilikuwa likimezwa na matarumbeta na ngoma za bendi za Marekani, na mafundi kadhaa walitafuta namna ya kulipa nguvu. George Beauchamp, aliyeshirikiana na Adolph Rickenbacker mjini Los Angeles, alifanikiwa kutumia kanuni iliyogunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, kwamba usumaku unapobadilika ndani ya mzunguko wa waya, umeme huzaliwa katika waya huo. Gitaa lao lilianza kuuzwa mwaka 1932, na kifaa kilichokuwa chini ya nyuzi zake ndicho babu wa pikapu zote za leo: sumaku iliyozungukwa na koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliosokotwa maelfu ya mara. Sumaku huupa uzi wa chuma usumaku. Uzi ukitetemeka hutikisa uga wa sumaku uliopo kwenye koili. Na koili hutoa umeme mdogo unaofuata mwendo wa uzi. Kwa sababu hiyo uzi wa nailoni, hata upigwe kwa nguvu kiasi gani juu ya pikapu ya namna hii, hautoi kitu.

Jambo linalosahauliwa mara nyingi ni kwamba pikapu husikia pale tu ilipo. Stratocaster, gitaa lililotolewa na Fender mwaka 1954, lina pikapu tatu, na ile iliyo karibu na shingo imekaa takriban milimita 162 kutoka kwenye daraja, yaani robo ya urefu wa uzi. Robo hiyo ndipo hamoniki ya 4 inapotulia, kwa hiyo uzi ukipigwa wazi, pikapu hiyo huipokea hamoniki ya 4 kwa udhaifu mkubwa hata kama uzi unayo tele. Mpigaji akibana uzi huohuo kwenye freti ya 12, yaani kipande cha 12 kati ya vile vya chuma vilivyokata shingo, urefu unaotetemeka hubaki nusu, yaani milimita 324, na sasa pikapu ileile iko katikati kabisa ya uzi, mahali ambapo hamoniki zote za shufwa hutulia. Ndiyo maana noti za juu kwenye pikapu ya shingo hutoka zikiwa mviringo na zenye uwazi. Pikapu ya daraja, ambayo imekaa sentimita 4 hivi kutoka kwenye daraja, iko mahali ambapo mtetemo wa msingi una mwendo mdogo na hamoniki za juu zina mwendo wa kutosha, na kwa hiyo sauti yake ni nyembamba na kali. Swichi ya kuchagua pikapu huhamisha tu mahali ambapo uzi unasikilizwa, na bado hubadilisha toni zaidi kuliko mabadiliko mengi yanayofanywa kwa fedha nyingi.

Idadi ya koili pia ina maana. Koili moja hupokea mtetemo wa uzi, lakini hupokea pia mngurumo wa umeme wa majumbani, ambao Afrika Mashariki una hezi 50 na Marekani hezi 60. Seth Lover, mhandisi wa Gibson, aliomba hataza mwaka 1955 ya pikapu yenye koili mbili zilizosokotwa kwa mielekeo inayopingana na kuwekewa sumaku zinazotazamana kinyume. Umeme wa uzi katika koili hizo hujumlishwa, ilhali mngurumo wa nje huja kinyume na kujifuta. Pikapu hiyo, inayoitwa hambaka, ilianza kuonekana kwenye magitaa ya Gibson mwaka 1957. Kuondoa mngurumo lilikuwa lengo lake, lakini ilileta jambo lingine: kwa kuwa husikiliza sehemu pana zaidi ya uzi, na kwa kuwa ina waya mwingi, hupoteza sehemu ya hamoniki za juu na kutoa sauti nene, yenye joto, iliyokuja kupendwa na wapigaji wa bluzi na roki.

Nobu, kapasita na waya

Umeme unaotoka kwenye pikapu hukutana na vitu ambavyo wanunuzi wengi hawavitazami. Koili ina tabia ya kukinza mabadiliko ya haraka ya mkondo, na waya unaounganisha gitaa na amplifaya una tabia ya kuhifadhi chaji kidogo ya umeme katika kila mita yake, karibu pikofaradi 100 kwa mita katika waya wa kawaida. Vitu hivi viwili vikikutana huunda kilele, yaani eneo la masafa ambalo hukuzwa kidogo, na juu ya kilele hicho sauti hushuka upesi. Pikapu ya koili moja ikiunganishwa na waya wa mita 5, kilele huwa karibu hezi 4,600. Waya huo ukiondolewa na kuwekwa wa mita 10, kilele hushuka hadi karibu hezi 3,200. Gitaa ni lilelile, pikapu ni ileile, mkono ni uleule, lakini mng'ao umepungua waziwazi kwa sababu ya mita 5 za waya. Mpigaji anayehamia jukwaa kubwa na kuchukua waya mrefu hukutana na badiliko hili bila kujua chanzo chake.

Nobu za gitaa nazo haziko pembeni ya jambo hili. Nobu ya volyumu ni ukinzani unaobadilika, kwa kawaida wa kilo-omu 250 kwenye magitaa ya koili moja na kilo-omu 500 kwenye yale ya hambaka, na ukinzani ukiwa mdogo hukifyonza kile kilele na kuituliza sauti. Nobu ya toni hupeleka masafa ya juu ardhini kupitia kapasita, kifaa kinachopitisha mitetemo ya haraka kwa urahisi na kuizuia ile ya taratibu. Mpigaji anayeacha nobu hizi zimefunguliwa mpaka mwisho maisha yote amejinyima nusu ya sauti za chombo chake.

Katika orodha hii mbao zinastahili aya fupi. Pikapu ya sumaku hupokea mwendo wa uzi wa chuma, nayo haina njia ya kupokea moja kwa moja sauti ya mti. Mti huathiri toni kwa njia ya mzunguko, kwa kunyonya sehemu ndogo ya nguvu ya uzi katika masafa fulani, na mchango huo ni mdogo ukilinganishwa na ule wa mahali pa pikapu, wa urefu wa waya au wa spika. Kazi kubwa ya mwili mgumu, uliopata umaarufu kupitia Telecaster ya Fender na Les Paul ya Gibson mwanzoni mwa miaka ya 1950, ni kuzuia fidibaki, yaani ule mlio unaotokea pale sauti ya spika inapolitetemesha tena gitaa lenye tumbo la wazi, na kuuacha uzi uendelee kulia kwa muda mrefu.

Amplifaya: kituo kinachoongeza

Amplifaya hukuza umeme hafifu wa pikapu mpaka uweze kuisukuma spika. Za mwanzo zilitumia valvu, mirija ya kioo iliyoondolewa hewa ambamo volteji ndogo huongoza mkondo mkubwa wa umeme. Kila amplifaya ina kikomo, na umeme unaoingia ukizidi kikomo hicho, vilele vya mawimbi hukatwa. Kukatwa huko huzaa hamoniki mpya ambazo uzi haukuzitoa. Valvu nyingi huanza kukata taratibu, kwa hiyo mpigaji anaweza kusogea kutoka sauti safi hadi sauti ya kukwaruza kwa nguvu ya mkono wake tu, ilhali saketi nyingi za transista hubaki safi hadi kikomo kisha hukata ghafla.

Kwa muda mrefu wahandisi waliona ukataji huo kuwa kasoro, lakini wanamuziki waliusikia kwa sikio jingine. Link Wray aliutumia mwaka 1958 katika wimbo wake usio na maneno, Rumble, na mwaka 1964 Dave Davies wa kundi la Kinks la Uingereza aliichana kwa wembe spika ya amplifaya ndogo ili apate mkwaruzo uliosikika katika You Really Got Me. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1962, chapa ya Maestro ilitoa kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu kilichofanya kazi hiyo kwa transista, na mwaka huohuo Jim Marshall alianza jijini London kutengeneza amplifaya zilizofuata saketi ya Bassman ya Fender, zikawa msingi wa sauti ya roki.

Ukataji una sheria yake, na sheria hiyo huathiri hata noti zinazochaguliwa. Noti mbili zikipita pamoja katika amplifaya iliyozidiwa, huzaliwa pia jumla na tofauti ya masafa yake. A ya hezi 110 ikipigwa na E ya hezi 165, tofauti ni hezi 55, ambayo ni A ya oktava moja chini, na jumla ni hezi 275, ambayo nayo ni hamoniki ya hiyo A ya chini; kila kilichozaliwa kinakubaliana na familia hiyo ya hamoniki, na sauti huwa nzito na imara. Lakini A ikipigwa na C# ya hezi 138.6, jumla huwa hezi 248.6 na tofauti hezi 28.6, masafa yasiyoangukia kwenye hamoniki yoyote ya noti hizo mbili, na sikio hupokea fujo. Wapigaji wa roki nzito hutegemea sana jozi ya noti ya namna ya A na E kwa sababu amplifaya zao zinawaruhusu hiyo na kuwakatalia nyingine.

Spika

Kituo cha mwisho kina nguvu kuliko kinavyosifiwa. Spika ya gitaa, ambayo mara nyingi ina upana wa inchi 10 au 12 na koni ya karatasi, haikuundwa kutoa masafa yote. Juu ya hezi 5,000 hivi sauti yake huporomoka. Upungufu huo ndio unaoufanya mkwaruzo wa amplifaya uvumilike, kwa maana hamoniki kali zilizozaliwa na ukataji huishia hapo. Gitaa lenye mkwaruzo likiunganishwa moja kwa moja na mikisa ya ukumbi, ambayo spika zake hufika masafa ya juu kabisa, hutoa mkwaruzo mkavu unaochosha sikio. Kasha nalo lina kauli: lile lililo wazi nyuma hutawanya sauti chumbani kote na kupoteza besi, na lililofungwa huielekeza mbele na kuibana besi iwe thabiti. Mahali pa maikrofoni mbele ya spika pia ni sehemu ya toni, kwani katikati ya koni ni kukali na ukingoni ni kupole.

Magitaa kadhaa, bendi moja

Maarifa haya hupata uzito wake mkubwa pale magitaa zaidi ya moja yanapopiga pamoja, na hakuna muziki uliolifanyia kazi suala hilo kwa umakini kuliko rumba ya Kongo na dansi la Afrika Mashariki. OK Jazz, iliyoanzishwa Kinshasa mwaka 1956 wakati mji huo ukiitwa Léopoldville, na ambayo Franco Luambo Makiadi aliiongoza kwa miongo kadhaa; African Fiesta ya Docteur Nico, ambaye kaka yake Déchaud alishika gitaa la rithim; na hapa Tanzania bendi kama Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Msondo Ngoma na Mlimani Park, zote zilijenga nyimbo juu ya mazungumzo ya magitaa, ambamo solo, rithim na besi, na aghalabu solo la pili, kila moja lina njia yake na hakuna linaloruhusiwa kulifunika jingine.

Sauti ya muziki huo ni safi, na usafi huo una sababu. Solo la rumba na la dansi hupenda kutembea kwa noti mbili zinazofuatana kwa umbali wa tatu, kama A na C#, au wa sita, na hesabu ya A na C# imeonyesha kwamba jozi za umbali wa tatu ndizo amplifaya iliyozidiwa huzivuruga. Mpigaji anayetaka kila noti ya jozi hiyo isikike hana budi kuiacha amplifaya ndani ya kikomo chake, na ndipo vituo vinavyopunguza vinakuwa kalamu yake yote: pikapu ya daraja na ukucha kwa solo linalotakiwa kupenya juu ya tarumbeta, pikapu ya shingo na mkono ulio mbali na daraja kwa rithim inayotakiwa kubeba bila kuonekana. Katika mtindo wa Kongo uitwao mi-composé, gitaa linalokaa kati ya solo na rithim huondolewa uzi wake wa nne na kuwekewa uzi mwembamba unaokazwa oktava moja juu, kutoka karibu hezi 147 hadi karibu hezi 294, ili mapigo yake yapande juu ya rithim na kuiachia nafasi. Waliobuni njia hiyo walitatua kwa uzi mmoja tatizo ambalo wengine hulitafutia dawa kwenye mashine.

Kutokana na haya yote, utaratibu wa kutafuta toni unajionyesha wenyewe. Mahali pa mkono pajaribiwe kwanza, kisha nyuzi, kisha swichi ya pikapu na nobu, kisha urefu wa waya, kisha amplifaya na spika, na gitaa jipya liwe la mwisho kufikiriwa, kwa sababu vituo vingi vyenye nguvu kubwa havimo ndani ya mti wake. Juu ya utaratibu huo lisimame swali la muziki wenyewe: wimbo huu unahitaji hamoniki zipi zisikike, na chombo gani kingine katika bendi tayari kinazitoa. Mpigaji aliyejibu swali hilo anajua cha kupunguza, na akishajua cha kupunguza, gitaa lolote lililo zima linaweza kumfikisha.